Ngeli Zetu Ziko Gatini

Mwaka mzima nilifundisha ngeli, yaani makundi ya majina, kwa chati ya ukutani. Watoto wa mtaani wanaokuja barazani kwetu hapa Lamu baada ya alasiri waliikariri kama kaswida: A-WA, KI-VI, LI-YA. Lakini ukiwapa daftari, mtu anaandika "majahazi zimefika" badala ya "yamefika" wala hashtuki.

Siku moja tulikwenda gatini kumpokea mgeni, chombo kikachelewa, fujo ikaanza. Ili watulie nikasema: kila mtu ataje chombo anachokiona na kilichokipata. "Jahazi limetia nanga!" "Mtumbwi umejaa maji!" "Mashua imetweka tanga!" Nikabaki nimeduwaa. Nusu ya chati yangu ilikuwa inaelea pale mbele yetu.

Tangu hapo mchezo una kanuni moja: asiyepatanisha jina na kitenzi chake "amezama", anachutama mpaka ajisahihishe. Mtego mkubwa ni mashua, maana umoja na wingi wake ni neno lilelile. Nikisema "mashua imefika" wainue kidole kimoja. Nikisema "mashua zimefika" wafungue kiganja. Hapo ndipo wanapogundua kwamba kitenzi ndicho kinachohesabu.

Kwa kuandika sentensi, kata vipande vya boksi. Kila mtoto ashike neno lake, wapange foleni: MTUMBWI – WANGU – MDOGO – UMEPINDUKA. Mdogo wao kabisa ni nukta, kazi yake kuchutama mwishoni. Sasa mtoe MTUMBWI, mweke MITUMBWI, unyamaze. Wanatazamana. Mmoja anageuza kipande chake, mwenziwe anamfuata: YANGU, MIDOGO, IMEPINDUKA. (Andika wingi nyuma ya kila kipande mapema. Mimi nilisahau mara ya kwanza, ikawa vurugu tupu.) Nukta wetu ana inda, hachutami mpaka asikie sentensi imekaa sawa. Wakishamaliza ndipo daftari zinafunguliwa, si kabla.

Mvua ikinyesha tunacheza mdako ndani: rusha kijiwe, taja wingi wa neno kabla hakijarudi mkononi. Ni mchezo wa kupitisha wakati tu, lakini ulimi unazoea.

Kuna jambo nililolikosea nalijutia. Mtoto aliandika "nimeliona kwa mato yangu", nikampiga mkasi mwekundu, ile alama ya kosa. Hakuandika tena wiki nzima. Mato ni Kiamu safi, Kiswahili chetu cha Lamu, na tazama alivyopatanisha: mato yangu. Sarufi aliijua, kilichobaki ni kumwambia kwamba kwenye mtihani tunaandika macho. Siku hizi nasifu upatanisho kwanza, kisha neno la Kiamu na la sanifu nayaandika bega kwa bega, wachague kwa kujua wanamwandikia nani.

Usizidishe dakika ishirini. Funga mchezo wangali wanautaka, kesho watakuja wenyewe. Juzi nimewakuta barazani hata sijawaita, wanagombana: ni boti zimefika au maboti yamefika? Waliniita niamue. Nikawaambia nina chapati jikoni.