Pikapu ya mzee: muiuze au mbaki nayo?

Ndugu, umeuliza kama muiuze pikapu ya marehemu baba yenu baada ya breki kuwagomea njiani. Mimi nasema msiiuze kwanza. Yetu nayo iliwahi kukosa breki mteremkoni, watoto tukiwa nyuma juu ya magunia. Baba akashusha gia mojamoja, injini ikaishika, ikasimama kwenye nyasi. Mama hakusema neno, alituhesabu tu. Kumbe paipu ya breki ilikuwa imeliwa na kutu, oili yote imemwagika. Anzeni hapo hapo: badilisheni paipu zote pamoja na oili ya breki, maana oili hiyo hufyonza unyevu. Kisha gongeni chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, kwa nyundo ndogo. Ikitoboka, hapo mfikirie upya. Kutu ya milangoni isiwatishe, inachomelewa.