Gemu ya mapangoni: nianzie wapi?

SWALI: Python naijua kiasi, naandika funksheni na naelewa orodha. Nataka kutengeneza gemu ya aina ya Rogue: unashuka mapangoni, ramani inabadilika kila ukianza upya, na ukifa ndiyo basi. Mpaka sasa nimekuwa nikilinganisha injini na kutafuta picha za mazimwi tu. Nianzie wapi hasa?

JIBU: Picha ziweke kando kabisa. Rogue yenyewe, iliyotoka mwaka 1980, haikuwa na picha hata moja: mchezaji ni @, na mazimwi ni herufi kubwa, A hadi Z. Injini nayo isikupotezee muda. Kwa Python, chukua maktaba ya tcod: inakupa kioo cha herufi, inapiga hesabu ya mchezaji anaona hadi wapi, na inatafuta njia. Moduli ya curses, ya kuandika herufi popote kwenye terminali, pia inafaa, ila kwenye Windows haiji pamoja na Python.

Lengo lako la kwanza liwe @ inayotembea ndani ya chumba kimoja ulichokiandika kwa mkono, "#" ikiwa ukuta na "." sakafu. Ukihifadhi ramani kama orodha ya mistari, unaisoma ramani[y][x], mstari kwanza. Wanaoanza wengi hugeuza hapo, kisha wanashangaa mbona mchezaji anapenya kuta.

Jambo la pili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: kitufe kisimsogeze mchezaji moja kwa moja. Kitufe kiite tendo, na zimwi naye aite tendo lilelile:

def sogea(kiumbe, dx, dy):
    x, y = kiumbe.x + dx, kiumbe.y + dy
    mwingine = kiumbe_hapo(x, y)
    if mwingine:
        shambulia(kiumbe, mwingine)
    elif ramani[y][x] != "#":
        kiumbe.x, kiumbe.y = x, y

Kwa mistari hii michache, kutembea na kupigana vimeshakuwa kitu kimoja: unamvamia adui kwa kujaribu kuingia alipo. Ila hapa mazimwi nao watapigana wenyewe kwa wenyewe wakigongana njiani. Ongeza sharti la kuwazuia, au waache. Mimi ningewaacha kwa siku chache nione kama inanoga. Zamu nazo zinakuwa rahisi: mchezaji akimaliza tendo lake, pitia orodha ya mazimwi, kila mmoja atende mara moja, kisha subiri kitufe kingine.

Sasa ndipo uende kwenye ramani. Njia nyepesi: chagua mstatili wa ukubwa wowote mahali popote, uukatae ukigusa chumba kingine, la sivyo uchimbe, kisha uuunganishe na chumba kilichotangulia kwa njia yenye kona moja. Rogue iligawa kioo katika visanduku 3 kwa 3, kwa hiyo vyumba havikuzidi 9, na watu waliicheza usiku kucha.

Namba nasibu za ramani zitoke kwenye random.Random(mbegu) yake peke yake, na za mapigano kwenye nyingine. Mbegu ni namba ya kuanzia: ukiirudia, unapata mfululizo uleule wa namba. Zikichanganyika, ukiongeza pigo moja tu, pango la ngazi inayofuata linabadilika lote, na hitilafu uliyoiona jana huwezi kuirudia. Andika mbegu pembeni mwa kioo.

Kuhifadhi mchezo kufanye mapema, ukiwa bado na zimwi mmoja. Viumbe wakishashikilia marejeo ya dirisha la kioo, pickle (moduli ya Python ya kuhifadhi vitu kwenye faili) itakugomea, na kulifumua hilo baadaye ni kazi kweli. Kifo cha kudumu chenyewe ni mstari mmoja: mchezaji akifa, futa faili.

Uchawi, maduka, vipaji na hadithi ndefu vingoje. Weka ngazi tatu, aina mbili za mazimwi, dawa moja ya kuponya na kitu cha kuokota chini kabisa kinachomaliza mchezo. Ukiona unazidi kuongeza bila kumaliza, jiunge na shindano la 7DRL (Seven Day Roguelike), linalofanyika tangu 2005: unapewa siku 7 za kukamilisha gemu nzima ya aina hii.