Fremu ya titani: niliyojifunza baada ya kuikata ya kwanza kwa msumeno

Nilipomtajia mama bei ya fremu yangu ya kwanza ya baiskeli, ya titani, alinyamaza hadi nikadhani laini imekatika.

"Fremu tu, mwanangu? Bila magurudumu?"

"Bila, Mama."

"Na kiti je?"

"Baiskeli za mchezo wetu hazina kiti."

Kimya tena. Kisha akauliza: "Hiyo titani si ndiyo hii wanayoichimba hapa kwetu?"

Ndiyo na siyo. Kwale, pwani ya Kenya, kulichimbwa mchanga wa madini ya titani tangu 2013 hadi Desemba 2024, ukisafirishwa kwa meli kutoka Likoni. Lakini sehemu kubwa ya madini hayo duniani haiwi metali kamwe. Inageuzwa unga mweupe wa kutia kwenye rangi za nyumba, plastiki, hata dawa ya meno. Huenda mama ana titani nyingi zaidi kwenye kuta za sebule yake kuliko mimi kwenye baiskeli yangu.

Naishi Sheffield, Uingereza, na baiskeli ninazozungumzia ni za traiali. Kwa asiyeujua mchezo huu: unapanda mawe, magogo, kuta na kingo za saruji ukiwa juu ya baiskeli, na mguu ukigusa chini unaadhibiwa. Ulizaliwa Catalonia, Uhispania, miaka ya 1970, pale Pere Pi wa kampuni ya pikipiki ya Montesa alipotaka mwanawe Ot afanye kwa baiskeli yale ambayo yeye aliyafanya kwa pikipiki. Ot akaja kuwa bingwa wa dunia. Wengi wetu wa sasa tuliingia kwa mlango mwingine, ile video ya Danny MacAskill, kijana wa kisiwa cha Skye, aliyoitoa Aprili 2009 akiruka juu ya kuta na nyuzio za Edinburgh. Mimi niliitazama kwenye saibakafe Ukunda, nikalipia dakika thelathini za ziada ili niirudie.

Naandika haya kwa sababu kila mwezi hunifikia ujumbe wa mtu anayetaka kutengenezewa fremu ya titani kwa mkono. Hao wote huanza na swali la uzito. Mimi pia nilianza hapo, na ndipo nilipopotea.

Titani ni nyepesi, haina ubishi. Kipande chake kina uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya kipande cha chuma cha ukubwa uleule. Ila ukakamavu wake nao ni kama nusu ya ule wa chuma. Bomba la titani lenye vipimo sawasawa na la chuma linanesa mara mbili. Kwa baiskeli ya barabarani kunesa huko ndiko watu wanakokusifu, wanasema safari ni laini. Kwenye traiali ni balaa, na balaa lenyewe huanzia kwenye breki ya nyuma.

Tazama mchezaji anavyosimama juu ya gurudumu la nyuma peke yake, mbele kuko hewani, anajiandaa kuruka jiwe la kimo cha kiuno. Uzito wake wote umeshikwa na vidole viwili vya mpira vinavyobana rimu. Wengi wetu hutumia breki ya rimu inayosukumwa kwa mafuta, hasa Magura HS33, na rimu yenyewe tunaikwaruza kwa grainda ili ishike. Ndiyo maana baiskeli za traiali hupiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa. Sasa unapobana breki, vile vidole vinasukuma rimu kwa ndani, na rimu inavisukuma kwa nje. Nguvu hiyo inaenda wapi? Inakwenda kwenye mabomba mawili ya juu ya uma wa nyuma, ile sehemu ya fremu inayoshika gurudumu la nyuma, na kuyatanua kama mtu anayefungua mkasi. Yakitanuka milimita moja tu, mkono wa breki unazama hadi kwenye usukani na gurudumu linateleza. Nawe uko juu ya ukuta.

Fremu yangu ya kwanza ilitanuka. Niliiagiza kwa ujumbe wa simu kutoka warsha iliyo mbali sana na hapa. Nilituma picha ya fremu ya alumini niliyoipenda na jedwali la vipimo vyake, nikaandika: tengenezeni hii, kwa titani, iwe nyepesi iwezekanavyo. Wakanitii. Mabomba ya juu ya nyuma walitumia ya milimita 16, membamba kama fimbo ya mwalimu wa madrasa. Fremu ilikuja na gramu 1,480 kwenye mizani yangu ya jikoni, nikamtumia picha kila ninayemjua. Siku ya kwanza nilipobana breki karibu na ukuta wa nyumba nikaona kwa macho yangu mabomba yakipanuka na kurudi, kama mbavu za mtu anayepumua.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukisahau mengine yote ushike huu: usilipie titani, lipia mchoro. Kabla ya mtu kukata bomba lolote, dai mchoro unaoonyesha kila bomba kwa kipenyo na unene wa ukuta wake, kisha uulize maswali kuhusu nyuma. Hesabu yake si ngumu. Ukitoka bomba la milimita 16 kwenda la 19, unene uleule, uzito wa bomba hilo unapanda kwa kama asilimia 20, lakini ukakamavu unapanda kwa karibu asilimia 70. Hakuna biashara nzuri kama hiyo katika baiskeli nzima. Fremu yangu ya pili ina mabomba ya 19 juu, ya 22 chini, na daraja la titani lililochomelewa kabisa kati ya mabomba ya juu, nyuma ya breki. Ina uzito wa kilo 2 na gramu kadhaa. Ndiyo, ni nzito kuliko fremu nyingi za alumini za mashindano. Breki inauma.

Vipimo vya mwili navyo vina ujinga wake. Baiskeli ya kawaida ina ekseli ya pedeli iliyo chini ya mstari unaounganisha ekseli za magurudumu mawili. Ya traiali ina ekseli ya pedeli juu ya mstari huo, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyokuwa rahisi kukaa juu ya gurudumu la nyuma na vigumu kutulia ukiwa umesimama kwa magurudumu yote. Mimi nina urefu wa sentimita 166. Jedwali nililolinakili lilikuwa la fremu waliyoipenda watu warefu. Nikajikuta juu ya kitu kama ngazi. Kama hujawahi kuendesha baiskeli tatu au nne tofauti za traiali, hata za kuazima dakika kumi mwisho wa mazoezi, huna la kumwambia fundi. Nunua ya alumini iliyotumika, iendeshe mwaka, ivunje ikibidi. Utajua unataka ekseli ya pedeli iwe milimita 70 au 85 juu ya mstari ule, na hutakuwa ukibahatisha kwa pesa za kodi ya nyumba.

Sasa kuhusu ule ufa.

Ulitokea baada ya miezi saba, chini, pale mabomba ya nyuma yanapokutana na bomba la pedeli. Kwanza ilikuwa sauti, mlio mdogo kama wa mtu anayevunja njugu. Nikabadilisha pedeli, nikakaza mnyororo, nikalaumu friwili, kile kifaa kinachoziacha pedeli zitulie gurudumu likiendelea kuzunguka, ambayo kwenye baiskeli zetu huwa mbele kwenye mikono ya pedeli na ndiyo mshukiwa wa kwanza kila mara. Mwishowe nikaosha fremu, nikapitisha ukucha kando ya mshono wa welding, ukanasa. Ufa wa sentimita mbili, mwembamba kama unywele.

Wauzaji walisema nimeitumia vibaya. Nikawauliza fremu ya traiali hutumiwaje vizuri, hawakujibu. Basi nikachukua msumeno wa chuma. Jumamosi nzima niliimaliza kwa bomba moja, maana titani haikubali msumeno kirahisi, inakula meno ya wembe mmoja baada ya mwingine. Nilipolifungua lile bomba nikamulika kwa tochi ya simu. Nje, mshono ulikuwa unang'aa vizuri, umesuguliwa. Ndani, upande wa pili wa mshono uleule, kulikuwa na rangi ya kijivu na unga mweupe, kama majivu ya jiko la mkaa asubuhi. Niligusa, ukabaki kidoleni.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya mkono inalipiwa nini. Titani ikipata moto ina njaa ya hewa. Inanyonya oksijeni na naitrojeni, na ikishazinyonya inakuwa ngumu na kavu, inavunjika badala ya kupinda. Fundi anayechomelea kwa tigi, yaani welding ya umeme yenye gesi ya kinga, huulinda mshono kwa gesi ya argoni kutoka mbele, hilo kila mmoja analiona. Asiloliona mteja ni argoni ya ndani. Mabomba lazima yajazwe gesi hiyo tangu mwanzo hadi mshono upoe, kupitia matundu madogo yanayotobolewa pale bomba moja linapokutana na jingine. Anayeharakisha huanza kabla hewa haijatoka yote. Nje panapendeza, ndani pameungua.

Mshono wenyewe husema ukweli kwa rangi. Fedha safi, vizuri. Manjano hafifu kama majani makavu, inakubalika. Buluu, anza kuuliza. Kijivu chenye unga, kata utupe. Shida ni kwamba rangi hizo za nje hufutika kwa brashi kwa sekunde tatu, na fremu nyingi husuguliwa kabla ya kupelekwa kwa mteja. Kwa hiyo omba picha za kila mshono kabla haujasuguliwa, na omba waziweke tarehe. Uliza pia wanajazaje argoni ndani ya uma wa nyuma. Fundi mzuri atafurahi, atakueleza mpaka uchoke. Wangu wa pili, mzee mmoja anayefanya kazi kwenye banda nje ya mji, alinivalisha glavu nyeupe kabla ya kuniruhusu kushika bomba. "Jasho la kidole chako," alisema, "litakuwa ndani ya mshono wangu." Akapangusa bomba kwa asetoni, akapangusa tena. Nilimtazama akitia nukta nne tu za kushikiza fremu kwenye jigi, kile kibano kinachoshika mabomba mahali pake, kisha akaenda kunywa chai huku gesi ikiingia. Dakika ishirini za kutofanya kitu. Ndizo nilizolipia.

Aina ya titani? Wengi hutumia gredi 9, yenye alumini asilimia 3 na vanadi 2.5, kwa mabomba. Vipande vya kukatwa kwa mashine, kama masikio ya kushikia gurudumu la nyuma, huwa gredi 5, ambayo ni ngumu zaidi. Anayekwambia fremu yote ni gredi 5 na kwa hiyo ni bora, muulize mabomba yake yametengenezwaje, halafu msikilize kwa makini.

Mambo madogo, haraka. Mpe fundi rimu yako yenyewe, au angalau upana wake, kabla hajachomelea vishikio vya breki. Yangu ina milimita 47 na wa kwanza alidhani 38. Kila skrubu inayoingia kwenye titani ipakwe grisi ya kuzuia kung'ang'ania, la sivyo siku ya kuifungua utalia, kwani titani huumana na skrubu kavu. Usiipake rangi. Ikikwaruzwa na jiwe, isugue na kile kijani cha kusugulia sufuria, itarudi. Na kama unaagiza kutoka nje kuja Uingereza, weka kando VAT ya asilimia 20 ya forodha mapema, maana mjumbe wa mizigo hapokei maelezo.

Kwa ndugu walioko Mombasa au Dar wanaonitumia picha za fremu zilizopasuka wakiuliza kama fundi wa mtaani anaweza: asiiguse. Si kwamba hana ufundi, nimewaona jua kali wakifanya miujiza kwa chuma. Lakini welding ya vijiti haina argoni, na moto wa gesi ndio kabisa, unailisha titani hewa. Ufa utarudi mrefu zaidi kando ya ule wa zamani. Tafuta warsha yenye tigi inayotengeneza vyombo vya chuma kisichoshika kutu, waulize kama wana chupa ya pili ya argoni ya kujaza ndani. Wakikutazama kama unaongea Kichina, rudi nyumbani na fremu yako.

Ya pili ina miaka minne sasa. Kila Jumapili jioni naiosha, naikausha kwa kitambaa cha zamani cha shati, kisha napitisha ukucha kwenye kila mshono, nikianzia chini kwenye pedeli. Kile kipande nilichokikata kwenye ile ya kwanza nakiweka kwenye dirisha la jikoni, na mgeni akija na mazungumzo ya gramu, nampa akishike, amulike ndani.