Pembe ya Turubai na Benchi la Elvstrøm: Ushauri kwa Fundi Mwenzangu

Kibanda changu kiko Mwanjelwa, jijini Mbeya, na kazi yangu ni kushona maturubai ya malori yanayopita barabara kuu ya kuelekea Tunduma. Sijawahi kuishi kando ya maji. Hata hivyo, miaka michache iliyopita mteja mmoja alipanda kutoka Matema, kando ya Ziwa Nyasa wilayani Kyela, akiwa amebeba ndani ya kiroba tanga kuukuu la mashua ndogo lililochanika kwenye pembe ya chini, akaniuliza kama mtu anayeshona turubai anaweza pia kushona tanga. Nilimjibu kwamba anaweza, jibu ambalo mafundi wengi wa sokoni hulitoa kabla hawajaiona kazi yenyewe. Kwenye tanga lile lilikuwa limechapwa jina Elvstrøm, na jioni ile nililitafuta kwenye simu nikidhani ni jina la kiwanda tu.

Kumbe lilikuwa jina la kiwanda na la mtu. Paul Elvstrøm alizaliwa mwaka 1928 huko Hellerup, kaskazini mwa Copenhagen nchini Denmark, akafariki mwaka 2016. Alishinda medali ya dhahabu katika mchezo wa mashua za matanga kwenye Olimpiki nne mfululizo, yaani 1948, 1952, 1956 na 1960, na zote alizishinda akiwa peke yake ndani ya mashua. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1954, alianzisha kiwanda cha kushona matanga, na hapo ndipo mimi, fundi cherehani, nilipovuta kiti na kuanza kusoma kwa makini.

Nianze na jambo lililonibadilisha, kwa sababu mengine yote ninayoyaandika hapa yanatoka humo. Mashua ya aina ya Finn, ambayo ndiyo iliyompa dhahabu tatu kati ya zile nne, ina urefu wa mita 4.5, tanga moja na mtu mmoja. Upepo unapolisukuma tanga, mashua inataka kulala ubavu, na kitu pekee kinachoizuia isilale ni uzito wa nahodha mwenyewe, ambaye huingiza miguu chini ya mikanda iliyofungwa sakafuni, kisha akauning'iniza mwili wake wote nje, juu ya maji, akibebwa na misuli ya mapaja na ya tumbo. Mashua iliyosimama wima hukimbia kuliko iliyolala. Kwa hiyo, upepo ukiwa mkali, mshindi huwa ni yule anayeweza kuvumilia maumivu ya kuning'inia kwa dakika nyingi zaidi, hata kama mwenzake anazijua njia za upepo kumshinda. Elvstrøm alilitambua hilo mapema, akajitengenezea nyumbani benchi lenye mikanda lililofanana na ubavu wa mashua, akawa anakaa juu yake na kuning'inia kana kwamba yuko baharini. Majira ya baridi ya Denmark hayakumpa kisingizio cha kupumzika, maana benchi halikuhitaji upepo.

Niliposoma habari za benchi lile nilikumbuka pembe zangu.

Katika msimu wangu wa kwanza wa mvua nilimshonea mfanyabiashara mmoja turubai la lori lililobeba mahindi kutoka Mbozi kwenda Dar es Salaam. Lilipofika mlima Kitonga, mvua ikiwa inanyesha kwa upepo, pembe moja ya mbele ilifumuka, turubai likafunuka, na magunia ya juu yakalowa. Nililipa hasara ile kwa miezi mitano. Nilichokifanya baada ya hapo kilikuwa kosa lingine: nilijifunza kushona haraka zaidi, nikanunua uzi wa bei kubwa zaidi, nikabadilisha hata mahali pa kununulia kitambaa, lakini sikujiuliza ni wapi hasa kazi yangu inaposhindwa.

Ushauri wangu wa kwanza kwa fundi yeyote, awe wa cherehani, wa magari au wa useremala, ni kutafuta mahali hapo kabla ya kuanza kujifua. Mimi nilinunua kaunta buku na kuandika kila turubai lililorudishwa kibandani pamoja na sababu yake. Mwisho wa msimu nilikuwa na kazi kumi na tisa zilizorudi, na kumi na nne kati yake zilikuwa zimefumuka pembeni, pale ambapo kitambaa hukunjwa mara nne na pete ya chuma hupigiliwa katikati. Mishono mirefu, ambayo ndiyo niliyokuwa najivunia na kuwaonyesha wateja, haikuwa na tatizo lolote. Nadhani wengi wetu tunafanya mazoezi ya kile tunachokiweza tayari, kwa sababu kinapendeza macho ya wapita njia.

Baada ya hapo nilijitengenezea benchi langu. Kila jioni, kwa muda wa kama dakika arobaini, nilishona pembe tupu kwa vipande vilivyobaki vya turubai, na badala ya kukunja mara nne nilikunja mara tano, ili kazi halisi ya kesho yake inikute nimezoea ugumu unaoizidi. Pembe zilizokamilika nilizitundika kwenye tawi la mparachichi nyuma ya nyumba, kila moja ikiwa imefungiwa mfuko wa mchanga, nikaziacha zipigwe na upepo wa Julai, ambao wakazi wa Mbeya wanaufahamu. Asubuhi nilikwenda kuzitazama. Majirani walidhani nimerogwa, na mke wangu aliniuliza kwa upole kama mifuko ile ina mteja. Ilinichukua karibu miezi minne kugundua kwamba tatizo halikuwa uzi, bali nilikuwa napitisha mshono karibu mno na pete, hivyo matundu ya sindano yakawa yanakata kitambaa mithili ya stempu inayobanduliwa. Nisingeligundua jambo hilo katikati ya kazi ya mteja, ambaye husimama juu ya kichwa changu akitazama saa.

Elvstrøm alikuwa pia mtu wa kurekebisha vifaa vyake mwenyewe. Mashua ndogo huingiza maji, na anayeshika chombo cha kuyachota na kuyamwaga nje anakuwa ameachia kamba ya tanga. Yeye alibuni kifaa kidogo kinachowekwa sakafuni mwa mashua, ambacho mashua ikishika kasi hukifanya kivute maji na kuyatoa nje bila mkono wa mtu. Fundi anayesoma atafakari ni kazi gani inayomlazimu kuachia kamba yake. Kwangu ilikuwa ni kuinuka kila mara kulivuta turubai zito upande wa pili wa cherehani, hadi nilipoweka meza ya mbao iliyo sawa na kimo cha cherehani ili turubai liteleze lenyewe. Meza hiyo ilinigharimu mbao chakavu na siku moja.

Jambo la kuanguka mwanzoni nalo linahitaji kusemwa, ingawa si kwa namna ya kumtia mtu moyo bure. Mwaka 1948, mashindano ya mashua yalipofanyika Torquay nchini Uingereza, Elvstrøm alikuwa kijana wa miaka 20, na mchuano wake wa kwanza kabisa wa Olimpiki hakuumaliza. Dhahabu aliipata kwa sababu michuano ilikuwa saba, matokeo mabaya kuliko yote yaliruhusiwa kuondolewa kwenye hesabu, na yeye akashinda michuano miwili ya mwisho. Utaratibu ule ulikuwa na nafasi ya kusamehe siku moja mbaya. Biashara nyingi za sokoni hazina nafasi hiyo hadi mwenyewe aitengeneze, na ndiyo maana siku hizi kila kazi ninayolipwa natenga kiasi kidogo kwa ajili ya kufidia itakayoharibika. Fedha hizo nimeshazitumia mara mbili.

Sasa nizungumzie upande ambao wasifu wa mabingwa mara nyingi huupita mbio. Bidii ile ile iliyomfanya aning'inie kwenye benchi ilimletea pia wasiwasi mkubwa. Kwenye michezo ya mwaka 1960, iliyochezwa kwa upande wa mashua huko Naples, Italia, mkazo ulikuwa umemzidi kiasi kwamba hakushiriki mchuano wa mwisho, na bahati yake ni kwamba alikuwa tayari ameshajihakikishia dhahabu. Mimi sikuwa na dhahabu yoyote ya kujihakikishia. Mwaka wa pili wa mazoezi yangu niliongeza dakika arobaini zikawa saa tatu, mgongo ukakataa, na nikalala kitandani wiki mbili za Novemba, wakati ambapo wenye malori wote wanatafuta maturubai kabla mvua haijakolea. Ninamshauri anayejifua aweke saa ya kuacha kabla ya kuweka saa ya kuanza. Jumamosi mchana nafunga kibanda, na mteja anayekuja saa nane anakuta kufuli.

Elvstrøm alirudi baadaye kwa kasi nyingine. Mwaka 1984, akiwa na miaka 56, alishiriki Olimpiki katika mashua ya watu wawili ya aina ya Tornado pamoja na binti yake Trine, wakashika nafasi ya nne, na mwaka 1988 wakashiriki tena. Kwa jumla alicheza Olimpiki nane. Mimi ninaipenda nafasi hiyo ya nne kuliko dhahabu zake, labda kwa sababu binti yangu naye ameanza kushika upande wa pili wa turubai.

Kuhusu tanga la Matema, nililishona kwa siku tatu. Tanga si turubai: vipande vyake hukatwa kwa kupinda kidogo ili vikiunganishwa tumbo litokee, kama mshonaji anavyolipa gauni umbo la kifua, na ukilinyoosha kama turubai umeliua. Sikugusa tumbo hilo. Nilishughulikia pembe peke yake, nikaipa kila nilichojifunza chini ya mparachichi. Mwezi wa Julai, upepo wa kusini ulipokuwa unavuma ziwani, mwenyewe alinipigia simu akaniambia kwamba pembe imeshika sawasawa, lakini kitambaa kimechanika kiganja kimoja juu yake. Nimemwambia alilete tena, na kaunta buku nimelifungua ukurasa mpya.