Jumamosi ya Mmisionari ni ya Nani?

Mwezi huu nimepokea barua tatu kutoka Dodoma na vijiji vyake, na zote zinahusu jambo moja, nalo ni namna familia za wamisionari wanaoishi kati yetu wanavyotumia Jumamosi na Jumapili zao. Nimeona nizijibu pamoja.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mama. Mimi ni mzee wa kanisa katika mtaa mmoja wa Kianglikana hapa Dodoma mjini. Tangu mwaka jana tunaishi na familia ya wamisionari kutoka Australia: baba anafundisha theolojia siku za kazi, mama anasaidia shule ya Jumapili, na wana watoto watatu. Tunawapenda. Tatizo ni kwamba kila Jumamosi wanapakia garini mikeka, maji na chakula, wanakwenda kupanda vilima vya mawe au kukaa kando ya bwawa, na hawaonekani hadi jioni. Vikao vyetu ni Jumamosi, harusi ni Jumamosi, na misiba haichagui siku. Mwezi uliopita walikuwa nyumbani, nikapiga hodi saa nne asubuhi. Baba alitoka, akazungumza nami nikiwa nimesimama getini, akaniomba nirudi siku nyingine kwa kuwa hiyo ni siku ya familia. Nina umri wa miaka 67. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Je, mtu aliyekuja kwa kazi ya Bwana ana haki ya kujitenga siku nzima kila wiki?
Mzee wa kanisa, Dodoma mjini

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Nianze na lile geti, kwa sababu naona ndilo lililokuumiza, na hayo mengine yamekuja kupanda juu yake. Kumzungumzisha mtu wa umri wako akiwa amesimama nje ni kosa, na sitalipunguza uzito kwa kusema kwamba mgeni hakujua. Kwetu mtu aliyepiga hodi hukaribishwa, hupewa kiti na maji ya kunywa, kisha ndipo huambiwa kwamba wenyeji wana shughuli. Dakika tano zingetosha. Huyo baba anapaswa kuambiwa hivyo, tena aambiwe na wewe mwenyewe au na mchungaji wenu, kwa upole na kwa maneno yasiyozunguka, kwa kuwa watu wa kwao huona ni heshima kuambiwa jambo waziwazi kuliko kusikia mwaka mzima baadaye kwamba watu walikuwa wakinung'unika.

Msisite kumwambia kwa kudhani kwamba mmisionari yuko juu yenu. Wamisionari wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876, na ilipoanzishwa Dayosisi ya Central Tanganyika mwaka 1927 askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia. Wakati huo mmisionari ndiye aliyekuwa mwenye neno la mwisho. Lakini mwaka 1955 Yohana Omari aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi katika dayosisi hiyohiyo, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana katika Tanganyika, na tangu hapo uongozi umekuja mikononi mwetu. Familia hiyo ipo chini ya mchungaji wenu kama ulivyo wewe. Ni watenda kazi wenzenu, na mtenda kazi mwenzako unaweza kumwambia, "Ndugu yangu, siku ile ulinivunja moyo."

Sasa nije kwenye Jumamosi yenyewe, na hapa, mzee wangu, sitakuwa upande wako. Jembe mmekwisha kumpa. Anafundisha Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumapili, kama najua mitaa yetu, hupelekwa kuhubiri kijijini ambako ibada inaanza saa nne na kumalizika saa saba, baadaye kuna chakula kwa mwinjilisti, kuna wagonjwa wa kuombewa, na nyumbani anafika jua likizama. Mke wake Jumapili hiyohiyo anafundisha watoto sitini katika chumba kimoja kwa lugha aliyojifunza ukubwani. Kwa hiyo Jumapili, ambayo kwako wewe ni siku ya kupumzika na kumwabudu Mungu, kwao ni siku ya kazi kuliko zote. Ukiwanyang'anya Jumamosi hawabaki na siku hata moja. Katika Marko sura ya 6 Bwana Yesu aliwaita wanafunzi wake waende faragha wapumzike kidogo, kwa sababu watu walikuwa wakija na kuondoka hata wakakosa nafasi ya kula. Wale nao walikuwa wametumwa.

Tena kuna watoto. Mtoto wa mmisionari hakuitwa na mtu, aliletwa. Jumapili anaketi benchi la mbele, na wakati wa sala, watu wote wamefumba macho, anasikia vidole vya wenzake nyuma yake vikishika nywele zake taratibu, unywele mmoja mmoja. Anavumilia, maana ameambiwa asigeuke. Sokoni anaitwa "mzungu" hata na watu wanaojua jina lake. Juu ya kilima cha mawe hakuna anayemtazama. Anakimbia, anaanguka, anachubuka goti, analia kwa lugha yake. Nakuomba uwaze juu ya mtoto huyo kabla ya kuhesabu vikao alivyokosa baba yake.

Hata hivyo sitaki uelewe kwamba nasema waachwe peke yao. Familia inayopumzika kila wiki na wageni wenzake tu itakaa Dodoma miaka kumi na kuondoka ikiwa bado ngeni. Hilo nalo ni hasara kwao na kwenu. Nikiwa mtoto Mvumi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kulikuwa na muuguzi mmisionari tuliyemwita Bibi. Kila Jumamosi jioni alibeba kiti chake cha kukunja na chupa ya chai, akaenda kukaa chini ya mbuyu uliokuwa nje kidogo ya kijiji, peke yake, akitazama upande wa magharibi. Sisi watoto tuliamini anamsubiri mtu ambaye haji. Watu wazima walisema ana maringo. Jumamosi moja mama yangu alichukua ungo wa karanga, akaenda akaketi juu ya jiwe karibu naye, akamsalimu, kisha akaanza kubambua karanga zake bila kusema neno lingine. Hakuwa na mgonjwa wa kupeleka wala barua ya kusomewa. Baada ya muda Bibi alinyoosha mkono, akachota karanga kidogo, naye akaanza kubambua, vibaya, akizipasua punje. Waliendelea hivyo hadi giza likaingia. Jumamosi iliyofuata alikuja na vikombe viwili.

Hicho ndicho ninachokushauri. Usimwendee Jumamosi ukiwa na shida ya kamati mkononi. Hiyo ipeleke Jumatano, kwa ujumbe wa simu siku moja kabla, kwa sababu kwao hodi huanzia kwenye simu. Lakini Jumamosi moja waalike katika mapumziko yako wewe. Kama una shamba la zabibu Mpunguzi au ndugu yako analo, wapeleke wakati wa mavuno, watoto wakate vishada kwa mikono yao. Wapikieni ugali wa uwele na mlenda, mle pamoja, mlale kidogo kivulini, na mtu yeyote asisimame kutoa hotuba ya kuwakaribisha. Msiba ukitokea, hiyo ni habari nyingine kabisa: wapigie simu hata wakiwa kilimani, na uwaeleze kwamba kwetu kufika msibani hakuna ratiba. Naamini watakuja, na wasipokuja mara ya kwanza, mchungaji awaeleze tena.

SWALI: Mama mshauri, mimi ni mama wa Wilaya ya Chamwino. Kanisa letu ni dogo. Mmisionari akija kuhubiri na familia yake, mnada wetu baada ya ibada unaharibika. Jogoo wa shilingi 20,000 yeye anamchukua kwa 60,000, na wengine wote wananyamaza. Kanisa linapata fedha, lakini mimi moyoni sifurahi, na ninaona aibu kusema. Je, nina wivu?
Mama wa Chamwino

JIBU: Huna wivu, mwanangu. Umeona jambo ambalo wahasibu wa kanisa hawalioni. Mnada wetu si duka. Yule bibi aliyekuja na mayai manne kwenye kibakuli hana shilingi ya kuweka kikapuni, na mnada ndio njia yake ya kutoa sadaka: anataka kusimama pale nje, watu wakiwa wamezunguka na wimbo bado haujaisha, ayaone mayai yake yakipandishwa kutoka mia tano hadi elfu moja, elfu moja hadi elfu mbili, huku jirani zake wakishindana na kucheka. Mfuko mmoja mkubwa ukimaliza mnada kwa neno moja, fedha inaongezeka na sadaka za watu zinapungua.

Mwambie mke wa mmisionari, kwa kuwa wanawake mtaelewana upesi, kwamba mume wake angoje hadi bei iwe imepanda kwa mikono ya wengine, ndipo aongeze kidogo. Akishinda, anaweza kumrudisha jogoo mezani auzwe tena, au kusema kwa sauti kwamba anamnunulia mjane fulani. Watoto wao nao wapewe sarafu zao wenyewe wagombee maboga na miwa pamoja na watoto wenu. Na kuku ambaye kanisa limewapa kama zawadi ya mgeni wamchukue na kumla. Najua wageni huona vigumu kupokea kuku kwa watu wenye kuku watatu, na huruma yao ni ya kweli, lakini kumrudisha ni kumwambia mwenyeji kwamba umaskini wake umeonekana kabla ya ukarimu wake.

SWALI: Mke wa mmisionari wa kanisa letu ameniomba niende nao kwenye bwawa la Hombolo Jumamosi ijayo pamoja na watoto wangu. Sijawahi kwenda matembezi ya namna hiyo, kwenda tu kukaa. Nibebe nini, na nifanye nini huko?
Mama wa watoto wawili, Nzuguni

JIBU: Nenda, na nimefurahi sana kwamba wewe ndiye uliyealikwa. Hombolo ni kama kilomita 40 kutoka mjini, kwa hiyo ondokeni mapema kabla jua halijawa kali, na watoto wote wavae kofia. Bebeni maji ya kutosha, maana mkifika huko hayo mtakayoyaona si ya kunywa.

Jambo moja nakuomba ulisimamie bila haya. Watoto wasiogelee bwawani wala wasicheze ukingoni miguu ikiwa majini. Kichocho huenezwa na konokono wa maji yaliyotulia yasiyo ya chumvi, na vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi bila mtoto kuhisi chochote. Ugonjwa una dawa na hutibika, lakini mtu aliyekulia pwani ya Australia, aliyezoea kuona maji na kuingia, anaweza kusahau. Wewe usisahau. Kama wamekwisha kuingia, waende wapimwe wiki chache baadaye hata kama hawaumwi.

Kuhusu la kufanya: hakuna. Chukua kazi ya mikono ikiwa kukaa bure kunakusumbua, kusuka ukili au kuchambua mchele wa jioni. Watoto watafahamiana wenyewe kabla hamjamaliza kutandika mikeka. Usiogope kimya, na usijilazimishe Kiingereza, kwa kuwa yeye naye anahitaji mtu wa kumsemesha Kiswahili cha nyumbani, kile cha chumvi imezidi na mtoto ameangusha kiatu, ambacho hakupewa darasani. Saa tisa alasiri waambie mwanze kurudi, maana baba ana mahubiri ya kesho ambayo pengine hajayamaliza.