Maswali ya Wasomaji: Ukubwa wa Dau na Mpinzani Asiyeuliza Bei

SWALI: Shikamoo, mwandishi. Ni mwaka mmoja sasa nacheza poka ya Texas Hold'em mtandaoni (kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na tano za wote hufunuliwa mezani, tatu kwanza kisha moja moja), kwenye meza za madau madogo. Wiki iliyopita nilipewa ree mbili, ya kopa na ya uru. Ilipofunuliwa karata ya nne mezani, fungu, yaani fedha zote zilizokwisha kuwekwa katika mchezo huo, lilikuwa limefika dola 6, na mbili kati ya karata zile nne zilikuwa za shupaza. Nikaogopa kumfukuza mpinzani, nikaweka dola 1 tu. Akalipa, yaani akaweka kiasi hicho hicho ili abaki mchezoni, karata ya tano ikaja shupaza, akaweka dau kubwa nami nikalilipa, kumbe alikuwa amekamilisha shupaza tano, ambazo huzishinda ree mbili. Wenzangu wananiambia ni bahati mbaya tu. Je, ni kweli, au dau langu lilikuwa na kasoro? (J. M., Mwanza)

JIBU: Marahaba. Karata ya tano ilikuwa bahati, lakini dau lilikuwa kosa, na ningependa tulipige hesabu taratibu kwa sababu naliona likirudiwa na wachezaji wengi wenye bidii.

Jiweke kwenye kiti cha mpinzani wako. Alikuwa na shupaza mbili mkononi na nyingine mbili mezani, hivyo zilizobaki zilikuwa 9 kati ya karata 46 asizoziona, yaani angepata anachokitafuta karibu mara moja katika kila mara tano. Wewe ulimtaka alipe dola 1 ili agombee dola 7, zile 6 za fungu pamoja na moja yako. Tuseme jambo hilo linarudiwa mara tano: anapoteza dola 1 mara nne, anapata dola 7 mara moja, na mwisho anaondoka na faida ya dola 3. Wewe uliyeshika karata bora ndiye uliyemgawia faida hiyo. Ungeweka dola 3, angepoteza dola 12 katika zile mara nne na kupata 9 katika mara moja, na hasara ya dola 3 ingekuwa yake. Ungeweka dola 6, sawa na fungu zima, angepoteza dola 24 na kupata 12, hasara ya dola 12. Hapo bado sijahesabu fedha ulizomlipa baada ya karata ya tano kufunuliwa, ambazo ninahofia zilikuwa nyingi kuliko hizi zote.

Utauliza, na ni haki yako kuuliza, kama angelipa hizo dola 6. Jibu limo katika tabia yake, wala halimo katika uzuri wa ree zako. Katika meza za madau madogo, mchezaji dhaifu anayeonekana mara nyingi zaidi ni yule anayependa kuona karata inayofuata kuliko anavyopenda kukokotoa. Akishashika karata mbili za aina moja na mezani zimo mbili zaidi, ameshaamua moyoni kwamba atalipa; ukubwa wa dau haumbadilishi sana mpaka ufike mahali pa kumtisha kabisa. Ni kama mteja aliyeingia dukani akiwa ameshaupenda mkoba na hana mpango wa kuuliza bei, na sioni sababu ya muuzaji kuanza kwa kumpunguzia. Kwa mpinzani wa namna hiyo, ukiwa na karata nzuri, anza na theluthi mbili ya fungu, kisha panda hadi fungu zima, na uendelee kupanda kwa kadiri anavyoendelea kulipa.

Najua utakutana na mafunzo yanayosema kwamba ni hatari kuweka dau kubwa ukiwa na karata nzuri na dogo ukiwa na karata mbovu, kwa kuwa wapinzani watakusoma. Mafunzo hayo ni sahihi mbele ya wapinzani wanaosoma. Mnamo Januari 2017, katika kasino moja ya Pittsburgh, programu ya Libratus iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilicheza michezo 120,000 kwa siku 20 dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa, ikawashinda kwa zaidi ya dola milioni 1.7 za mchezo. Iliwasumbua hasa kwa madau makubwa kupita fungu, ambayo iliyaweka ikiwa na karata kali na vilevile ikiwa haina kitu, hata ukubwa wa dau ukawa hausemi lolote. Cha kuzingatia ni kwamba programu ile haikujengwa ili kuwinda udhaifu wa mtu. Ilijengwa ili yenyewe isiwe na udhaifu wa kuwindwa, na kila usiku ilikuwa ikiziba mianya ambayo wapinzani wake walikuwa wameigusa mchana. Huo ni ulinzi, na mbele ya mabingwa ulinzi ni jambo la lazima. Lakini mpinzani aliyelipa dola yako bila kufikiri hakuangalii wewe hata kidogo, anaangalia karata zake mbili. Kujificha mbele ya mtu asiyetazama ni kujinyima fedha, na mimi siku zote nitakushauri uache kujificha mpaka hapo utakapomwona ameanza kutazama.

Nakuomba pia jambo moja kwa moyo wote: akikushinda kwa bahati, usimtukane kwenye kisanduku cha mazungumzo wala usimweleze kosa lake. Ametumia fedha zake kujifurahisha, anastahili heshima, na ukimkera ataondoka au atajifunza. Nawe cheza kwa fedha ambayo ikipotea yote haitagusa kodi ya nyumba wala ada ya mtoto.

SWALI: Ninaelewa kwamba poka ni mchezo wa kupiga mkwara, yaani kuweka dau bila karata nzuri ili mwenzako ajitoe, lakini kila nikijaribu mkwara mtu analipa na kunionyesha jozi ndogo ya ajabu. Nikiongeza dau, bado wanalipa. Ninakosea wapi? (Msomaji wa Mombasa)

JIBU: Dada yangu, hukosei katika namna ya kupiga mkwara, unakosea katika kumchagua wa kumpigia. Mkwara una bei yake. Ukiweka nusu ya fungu bila kuwa na kitu, ni lazima mpinzani atupe karata zake angalau mara moja katika kila mara tatu ndipo usipate hasara. Ukiweka fungu zima, ni lazima atupe nusu ya mara zote. Hao unaowaeleza hawatupi jozi yoyote, sasa kuongeza dau mbele yao ni kuongeza hasara tu. Kwao, mchezo wako uwe wa kuchosha kidogo: subiri karata nzuri, weka dau kubwa, waache walipe.

Yupo hata hivyo dhaifu wa aina ya pili, mwoga, anayeingia kwa kulipa dau dogo kabla karata za mezani hazijafunuliwa, kisha anajitoa mara tu zile tatu za kwanza zisipomgusa. Huyo hahitaji dau kubwa. Theluthi moja ya fungu inatosha, kwa sababu dau hilo linahitaji kufaulu mara moja tu katika kila mara nne, na mtu mwenye karata mbili tofauti hukosa jozi katika karata tatu za kwanza karibu mara mbili katika kila tatu. Akikulipa mara ya kwanza, simama hapo, maana mwoga akilipa ana kitu.

Kuwatofautisha hawa wawili hakuhitaji programu ya takwimu, na baadhi ya majukwaa yamezipiga marufuku. Tazama ni mara ngapi mtu anaingia mchezoni, na tazama kwa makini karata zinazofunuliwa mwishoni hata pale ambapo wewe umeshajitoa. Michezo 30 au 40 inatosha kumjua anayeingia katika kila mchezo wa pili. Kumjua anavyocheza karata ya tano kunachukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo andika. Majukwaa mengi yana sehemu ya kuandika maelezo juu ya jina la mchezaji. Siri ya fedha yangu mimi imekuwa mistari miwili mitatu ya namna ya "hulipa jozi yoyote, haongezi dau ila akiwa na kitu kikubwa".

SWALI: Mpinzani aliyekuwa akilipa tu tangu mwanzo ameliongeza dau langu hadi mara tatu yake baada ya karata ya tano. Nina jozi mbili. Nilipe? (Msomaji wa Arusha)

JIBU: Tupa. Mtu aliyeziacha nafasi mia za kuongeza dau, kisha akaongeza mahali ambapo hakuna tena karata ya kusubiri, ni nadra sana kuwa anapiga mkwara. Jozi mbili zimekupa haki ya kuweka dau la kwanza, na hapo kazi yake imekwisha.