Deni la faranga za zamani: usikimbilie kiwango cha benki

Kwa sisi wa Kigoma, fedha ya jirani si habari ya mbali. Boti za Burundi na Kongo zinatia nanga Kibirizi, mizigo inashuka kutoka Manyovu, na kwenye madaftari ya wafanyabiashara ninaowafanyia hesabu kuna madeni ya faranga ya miaka mingi. Siku ya kulipana ikifika, kijana mmoja anatoa simu, anatafuta kiwango cha mwaka ule, anazidisha, na hapo ugomvi unaanza. Nimeitwa kusuluhisha ugomvi wa namna hiyo mara nyingi. Ninachowaambia ni kwamba kabla hujazidisha, uliza kama mwaka huo mtu wa kawaida aliweza kuingia benki akapata dola kwa bei iliyotangazwa. Kama hakuweza, basi namba uliyoishika ni tangazo tu. Hakuna mfanyabiashara wa huku aliyeitumia.

Shilingi yetu yenyewe ni ushahidi. Ilipoanza Juni 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Faranga ya Burundi wakati huo ilikuwa 87.50 kwa dola. Gawanya, utaona shilingi moja ilikuwa sawa na faranga 12 na robo. Mwaka 1985 orodha za viwango rasmi zinaonyesha dola kwa shilingi 17 na nusu hivi, na faranga kama 120, kwa hiyo shilingi moja ni karibu faranga 7. Nenda 1990: dola ni shilingi 195 na faranga 171. Ndani ya miaka mitano tu shilingi imekuwa ndogo kuliko faranga.

Anayetazama mchoro wa viwango hivyo atadhani shilingi ilianguka 1986, serikali ya Mzee Mwinyi ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na dola ikapanda kutoka 17 hadi 40. Waulize wazee wa Ujiji watakwambia ilikuwa imeshaanguka siku nyingi. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni ziliadimika, sabuni na sukari zikawa za kutafutwa kwa magendo, na 1983 Waziri Mkuu Sokoine akaendesha msako wa wahujumu uchumi. Aliyevuka mpaka kutafuta kitenge miaka hiyo hakupewa faranga 7 kwa shilingi yake. Mwaka 1986 serikali ilianza kuifuata bei ambayo mtaa uliijua zamani. Kwa hiyo ukikuta deni la 1984 kwenye daftari la marehemu baba, ukalipiga kwa kiwango rasmi, unamdhulumu aliyekopesha faranga.

Sasa zamu hiyo iko Burundi. Mwaka 2005 fedha hizi mbili zilikuwa karibu sawa: dola kwa wastani shilingi 1,129 na faranga 1,082. Baada ya machafuko ya 2015, mwaka ambao wakimbizi walijaa Kagunga, dola zikawa shida Burundi na bei mbili, ya benki na ya mtaani, zikaanza kuachana. Februari 2020 Benki Kuu ya Burundi ilifuta leseni za maduka ya kubadilishia fedha, hadi 2022 yakaruhusiwa tena. Mei 2023 ikashusha thamani ya faranga, dola ikatoka juu kidogo ya 2,000 hadi karibu 2,800. Mtaa haukusubiri. Mwishoni mwa 2024 dola ilivuka faranga 6,000 mitaani Bujumbura, huku bei rasmi ikiwa karibu 2,900.

Chukua deni la faranga milioni 2 la mwaka 2015. Orodha nyingi haziweki shilingi na faranga uso kwa uso, kwa hiyo pitia kwenye dola. Wastani wa mwaka ule ni faranga 1,571 na shilingi 1,991, basi deni lilikuwa kama dola 1,273, au shilingi milioni 2.5. Anayelipa faranga zilezile milioni 2 mwishoni mwa 2024 anatoa shilingi zaidi ya milioni 1.6 kwa hesabu rasmi, na kama laki 8 tu kwa bei ya mtaani. Kama walikubaliana wazi kulipana kwa faranga, mkataba ni mkataba. Kama hawakukubaliana, kwangu mimi haki haiwezi kuwa kumrudishia mtu theluthi ya alichotoa.

Hata huo wastani uutazame vizuri. Shilingi ilianza 2015 ikiwa chini ya 1,750 kwa dola, ikafunga mwaka juu ya 2,100. Kwenye deni hilohilo, Januari na Desemba zinatofautiana kwa karibu nusu milioni. Tafuta mwezi, na ikiwezekana siku. Benki Kuu ya Tanzania huchapisha viwango vya kila siku kwenye tovuti yake, vya kununua, kuuza na wastani. Wote wawili mtumie safu moja.

Pale ambapo bei ya mtaani haikuandikwa popote, mimi huuliza bidhaa. Faranga zile zilinunua madumu mangapi ya mawese siku ile? Mashahidi husahau kiwango, lakini bei ya dumu la lita 20 wanaikumbuka, na wote wawili huikubali upesi kuliko namba ya kwenye simu.

Wenye madeni ya Kongo wana kazi nyingine, ya sifuri. Fedha yao ya zamani, zaire, ilianza 1967 ikiwa sawa na dola 2. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zikawa zaire mpya moja, na 1998 zaire mpya laki moja zikawa faranga moja. Hakikisha deni linataja fedha ipi.

Na noti zenyewe zikaguliwe. Juni 2023 Burundi iliziondoa noti za zamani za 5,000 na 10,000 na kuwapa watu siku 10 tu kuzirudisha.

Kwa deni jipya, andikeni siku hiyohiyo: tarehe, mahali, kiasi, dola ilikuwa ngapi pale mlipobadilishia, na kiasi hicho ni madumu mangapi ya mawese. Wote wawili watie saini, na kila mmoja aondoke na nakala yake.